Kiwiko cha Shangazi

Bili ya maji ilipofika, Shangazi alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mdogo wake. Mdogo wake huyo alikuwa mkaguzi wa vipimo, mtu wa kuzunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba kuhakikisha wauza sukari hawawapunji wateja. Mtaa mzima ulimwita Mizani. Jina alilipenda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lilianza kama dhihaka, enzi zile alipoonekana akipima sukari ya nyumbani kwake kabla ya kuruhusu iingie kwenye kopo. Alikuwa mkono wa birika, lakini alijiona mtu wa haki.

Msoma mita aliisukuma karatasi chini ya geti, akaenda zake. Mizani aliiokota mswaki ukiwa mdomoni. Akaisoma, akaenda kusukutua, akarudi, akaisoma tena. Bili ilikuwa kubwa mno, hata kwa dakika moja aliona fahari kidogo, kama mtu aliyeitwa mheshimiwa kimakosa. Kisha damu ikamchemka.

"Nani anaoga humu ndani?" akauliza.

"Wote tunaoga," mkewe akajibu. "Au ulitaka tunuke?"

Binti yao, aliyekuwa anamalizia sekondari, akasema yeye nywele ameosha kwa rafiki yake, kwa hiyo wasimwangalie hivyo. Shangazi hakuulizwa. Aligeuza shati, akaendelea na mkono wa kushoto.

Tangu siku hiyo Mizani akatangaza hali ya hatari. Kuoga nusu ndoo. Kupiga mswaki kikombe kimoja. Maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe, yapige deki, na yakishapiga deki yapelekwe chooni. Shangazi alitii yote hayo, maana kutii ndiyo ilikuwa kazi yake humo ndani, pamoja na kufua, kupika, kupiga pasi na kuwa wa mwisho kuzima taa. Familia ikaanza kunuka kidogo. Bili iliyofuata ikaja kubwa kuliko ya kwanza.

Mizani akaomba ruhusa kazini, akaenda mamlaka ya maji. Karani alikuwa nyuma ya kioo, anakula karanga.

"Mita imesoma, mzee," karani akasema. "Maji yamepita."

"Yamepita yakaenda wapi?"

"Huko sisi hatufuati. Sisi tunahesabu yanayopita tu."

Mizani alijaribu kukasirika, akashindwa. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Wauza sukari walishayasikia mara nyingi. Akaomba mita ipimwe. Ikapimwa, ikaonekana haina kosa, na gharama ya kuipima ikaongezwa kwenye bili. Karani akamweleza kwamba maji yakishaivuka mita ni mali ya mwenye nyumba, ayaone asiyaone, ayanywe asiyanywe.

"Mko wangapi nyumbani?"

"Watatu," Mizani akasema. Hakuwa na nia mbaya. Hivyo ndivyo alivyohesabu.

"Watu watatu hawawezi kutumia maji haya, mzee, hata mngekuwa ng'ombe. Kuna mahali panavuja. Tafuta fundi."

Fundi bomba aliyepatikana alikuwa mwanamume wa makamo, mgane, mwenye sauti ndogo na mazoea ya kuuomba ukuta radhi kabla ya kuugonga. Njia yake ya kazi ilikuwa rahisi. Koki zote zinafungwa, watu wote wanatoka nje ya geti, wanasimama barabarani kwenye kisanduku cha mita. Kama ndani hamna mtu na mita bado inazunguka, basi bomba linavuja na hakuna wa kusingiziwa.

"Wote mmetoka?" Fundi akauliza.

"Wote," Mizani akasema.

Mkewe akatupa jicho huku na huku, akamwona mumewe, akamwona binti yake, akaitikia kwa kichwa. Shangazi alikuwa jikoni anamenya viazi. Hakuitwa, kwa hiyo hakutoka.

Mita ilikuwa inazunguka mbio. Fundi akasikitika kwa niaba ya familia, akachukua sururu, akavunja sakafu ya bafu. Chini ya vigae bomba lilikuwa zima na udongo mkavu. Akavunja sehemu ya jikoni. Huko kulikuwa na vumbi. Ndipo akatoa kipande cha nondo, akaweka ncha moja sakafuni na nyingine sikioni, akafumba macho. Aliyasikia maji yakipita vizuri kabisa upande wa jikoni. Alipofuata sururu na kurudi, yalikuwa yamehamia koridoni. Akayafuata koridoni, yakaingia chumba cha kulala cha wenye nyumba, yakakaa huko muda wa kutosha kutandika kitanda, kisha yakatoka na kuelekea kwenye kamba ya nguo.

"Mkuu, bomba hili linatembea," Fundi akasema.

"Litembee, mradi ulikamate."

Fundi akasema aliwahi kukutana na jingine kama hilo katika hosteli ya watawa, ila lile lilikuwa linatembea taratibu zaidi. Mizani akamwambia hakumwita kusimulia habari za watawa.

Walipimana na hilo bomba kwa siku kadhaa. Nyumba ikawa na mashimo kila chumba, na mke wa Mizani akawa anatembea amenyanyua gauni. Mchana mmoja walikuwa wametoka tena wote, wamesimama barabarani wakiitazama mita inavyokimbia. Shangazi, aliyekuwa amepika chai na kukosa wa kuinywa, akatoka nayo kwenye sinia. Alipovuka geti, mita ikasimama.

"Imesimama," binti akasema.

Shangazi akaweka sinia juu ya ukuta mfupi, akagundua amesahau sukari, akarudi ndani. Mita ikaanza kuzunguka. Akatoka na kopo la sukari. Mita ikasimama.

Fundi akavua kofia. "Dada, samahani. Hebu ingia ndani."

Akaingia.

"Toka."

Akatoka.

"Ingia tena, dada. Nisamehe."

Alikwenda na kurudi mpaka chai ikapoa. Hakuuliza kwa nini, kwa sababu katika nyumba ile alishatumwa kwa mambo yasiyo na maana kuliko hilo. Mizani alisimama midomo ikimcheza, anahesabu.

"Kumbe tuko wanne," akasema.

Wakaingia uani. Fundi akaomba ruhusa, akamwekea Shangazi ncha ya nondo begani, akasikiliza. Akaishusha mgongoni. Kisha mkononi. Shangazi alitulia tuli. Ilikuwa imepita miaka mingi bila mtu yeyote kumgusa, na ingawa kilichomgusa kilikuwa chuma, aliona vizuri, na aliona aibu kwa kuona vizuri.

"Hapa," Fundi akasema.

Ilikuwa kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Shangazi akapandisha mkono wa gauni, akafungua kitambaa alichokuwa amekifunga, na maji yakashuka membamba, meupe, bila kelele, yakapita kwenye vidole na kumwagika chini. Akaeleza kwamba yalimwanza taratibu, msimu ule wa baada ya mazishi ya mama, na miezi ya karibuni yakazidi. Alidhani ni utu uzima. Alikuwa akikamua kitambaa kila alfajiri, na usiku aliulaza mkono wake kwenye tundu la kutolea maji lililokuwa kwenye sakafu ya stoo anamolala, ili asimsumbue mtu.

"Wifi!" mke wa Mizani akashika kiuno. "Yaani muda wote huu unatuvujia, na umekaa kimya? Mimi naoga kikombe, wewe unamwaga mto?"

"Sikujua kama yanahesabiwa," Shangazi akasema.

"Kila kitu kinahesabiwa," Mizani akamjibu kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. Kisha akamweleza dada yake kwamba bili zote mbili ni zake. Hamfukuzi. Hamgombezi. Ila maji yamepita kwake, na haki ni haki. Shangazi hakuwa na senti, kwa sababu hakuwahi kulipwa. Mizani akasema hana haraka.

Kwa kuwa ilikuwa imethibitika kwamba nje ya geti anakauka, wakampeleka nje ya geti. Walimpa kiti cha plastiki, wakamweka kando ya kisanduku cha mita, na ndani ya muda mfupi maisha hayo yakazoeleka. Nguo chafu zilipelekwa kwake na binti, ambaye alinung'unika kwamba beseni ni zito. Viazi alimenyea hapo. Alipiga pasi hapo, kwa pasi ya mkaa, wapita njia wakimsalimia na yeye akiitikia. Usiku alilala kwenye kibaraza cha duka la simenti upande wa pili wa barabara. Mwenye duka hakuwa na kinyongo. Alishamwachisha kazi mlinzi.

Fundi alikuwa bado ana mashimo ya kuziba. Kazi ya siku mbili aliifanya kwa wiki kadhaa. Alikorogea simenti barabarani, karibu na kiti cha plastiki, ingawa uani kulikuwa na nafasi kubwa zaidi, na kila alipomaliza kukoroga alikuta amesahau jambo la kusema, akalazimika kubaki alikumbuke. Ndivyo walivyoanza kuzungumza. Alimweleza habari za marehemu mkewe, aliyekuwa akipenda redio. Shangazi alimweleza habari za chuo cha ushonaji, alikosoma muhula mmoja kabla hajaitwa arudi nyumbani kumuuguza mama.

Mama alilala kitandani miaka mingi. Katika miaka hiyo alijitokeza mwalimu mmoja, akataka kumwoa Shangazi, na Mizani, akiwa kijana bado, akamwambia, "Baada ya mama." Mama alipokufa mwalimu alikuwa ameshaoa, ila alitokea mwenye mashine ya kusaga. Wakati huo mke wa Mizani alikuwa mjamzito. "Baada ya mtoto kukua," Mizani akasema. Mtoto sasa alikuwa mrefu kuliko wote. Shangazi aliyasimulia haya bila kumlaumu mtu, akinyoosha mashati ya mhusika mwenyewe. Fundi alisikiliza mpaka simenti ikamkaukia kwenye sepetu.

Mkono wa Shangazi ulikuwa umekauka kabisa. Ngozi ya vidole, iliyokuwa imekunjamana miaka yote ile, ilinyooka.

"Kwangu mabomba hayana tatizo," Fundi akasema siku moja, akiitazama simenti. "Nimeyafunga mwenyewe."

"Na nikivuja huko?"

"Tutaweka beseni."

Shangazi akacheka. Alifurahi, na hakujua aiweke wapi furaha hiyo, kwa hiyo akapiga pasi leso ileile mara tatu. Usiku ule, kwenye kibaraza cha duka la simenti, alilala usingizi mzito.

Fundi akaenda kuposa akiwa na viatu vya kuazima. Mizani alimpokea kwa mikono miwili.

"Mchukue hata leo," alisema. "Mchukue na kiti chake."

Mkewe alicheka mpaka akakohoa. Wakakubaliana Jumapili, isiwe na makubwa. Ile bili, Mizani akasema, ataigeuza kuwa zawadi ya harusi, yaani deni litamfuata bwana harusi. Fundi akakubali hata hilo. Binti akatoka nje ya geti kumsuka shangazi yake nywele, akasuka vizuri, na akasema kwamba kwa kweli atammisi, hasa upande wa kufua. Shangazi akakunja magauni yake mawili, mkasi, na picha ya mama, akavifunga kwenye kanga.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo mamlaka ya maji ikatangaza mgao. Bwawa lilikuwa limeonyesha matope yake. Koki za mji zikakoroma, zikatema kutu, zikanyamaza. Watu wakaanza kuonekana na madumu, wakiulizana kisima kiko wapi, na wenye visima wakaanza kuamkiwa kwa heshima.

Asubuhi ya Ijumaa mke wa Mizani alisimama jikoni mbele ya vyombo vichafu vya jana na juzi. Akaitazama koki. Halafu akatazama dirishani, nje ya geti, kwenye kiti cha plastiki.

"Wifi," akaita, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia. "Wifi yangu, hebu ingia ndani mara moja. Jua kali hilo."

Shangazi akavuka geti. Alipofika kwenye mlango wa jikoni, kiwiko kikaanza. Mke wa Mizani akaweka sufuria chini yake, ikajaa. Akaweka ndoo, ikajaa. Mizani aliitwa kutoka kazini. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kisanduku cha mita, akachuchumaa, akakaa hapo muda mrefu. Mita haikuwa inazunguka. Haikutikisika. Mabomba yote yalikuwa makavu, na dada yake alikuwa anajaza ndoo. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na kitu kinachotoka bila kupimwa.

Hadi Jumamosi jioni jirani wote walikuwa wameshajua. Hakuna aliyeshangaa, wengi walisema walishaona mkono wa gauni la yule mama umelowa, ila si jambo la kumwuliza mtu. Walipanga foleni. Mama mmoja alilalamika kwamba maji ni ya vuguvugu. Mwingine alisema yana harufu ya sabuni, na akaambiwa basi afulie.

Jumapili Fundi alikuja amevaa shati jeupe, na viatu vilevile vya kuazima. Alikuta foleni imefika kwenye duka la simenti, akaomba radhi, akapita. Mizani alimkaribisha sebuleni, akamwagizia chai. Shangazi alikuwa koridoni, amesimama juu ya beseni, mzigo wake wa kanga ukiwa mkono wa kulia.

"Fundi, wewe ni mtu mzima," Mizani akaanza. "Unaona hali. Mji hauna maji. Wagonjwa wako, watoto wadogo wako. Watu wanamtegemea dada. Ukimtoa leo, mimi nitawaambia nini hao walio nje?"

"Tulikubaliana Jumapili, mkuu."

"Tulikubaliana, sikatai. Mgao ukiisha tutazungumza. Baada ya mgao, hata siku hiyohiyo."

Fundi akaishika chai yake. "Mwenyewe anasemaje?"

Ikabidi wamwangalie Shangazi. Halikuwa jambo la kawaida.

"Nimeshafunga mzigo," akasema.

"Atafungua," mke wa Mizani akamwambia Fundi.

Mizani akasogea kwenye kiti. Akasema kuna jambo jingine dogo, la kazi. Fundi bado hajalipwa fedha yake ya kuvunja sakafu na kuiziba, na yeye, Mizani, si mtu wa kudhulumu jasho la mtu. Angependa kuilipa leo yote, taslimu. Kisha maji yale yanamwagika ovyo. Mkono mtupu haufungwi. Nusu inakwenda chini, na nusu nyingine wanalowa miguu. Kunahitajika koki. Angeweza kumwita fundi mwingine, wa mjini, wale wenye haraka, ila wale wana mikono mizito. Na atakayeifunga atajaziwa madumu mawili kila siku, bure, mpaka mgao uishe.

Fundi aliinamisha kichwa. Mtaani kwake watu walikuwa wanachota kwenye mtaro. Alifikiri kwa muda wote ambao chai ile ilichukua kwisha, na aliinywa taratibu, nadhani kwa heshima. Kisha akaweka kikombe chini, akaenda kuchukua mkoba wa vifaa, ambao alikuwa ameuacha kwenye baiskeli hata siku ya harusi yake.

Alichagua koki ya shaba, mpya. Akazungusha tepu nyeupe kwenye meno ya koki, upande unaotakiwa, bila mikunjo. Alipiga goti mbele ya Shangazi, akakishika kiwiko chake kwa mkono, si kwa chuma.

"Itauma?" Shangazi akauliza.

"Mwanzoni kidogo. Nisamehe, dada."

Aliifunga kwa ustadi. Shangazi alitazama ukutani. Alilia kidogo, machozi ya kawaida, ya chumvi, na mke wa Mizani akamfuta kwa upindo wa kanga ileile ya mzigo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Fundi alipofungua koki maji yalitoka mazito na ya kunyooka, yakaingia kwenye ndoo bila kurusha hata tone. Alipofunga, yalikata. Mizani akampongeza.

Wakamweka Shangazi kwenye chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kiwiko juu ya kizingiti, mto chini yake. Mkono wa kulia ulikuwa huru, kwa hiyo aliendelea kumenya viazi na, kwa uangalifu, kupiga pasi. Mizani alisimamia mauzo mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ndoo zilijazwa hadi mstari. Hakukuwa na mteja aliyepunjwa, na mtu akipewa kidogo zaidi kwa bahati mbaya, kiasi hicho kilirudishwa kwenye ndoo ya jirani yake. Bili zile mbili zililipwa mapema, lakini Mizani hakuona sababu ya kumchosha dada yake na hesabu.

Msoma mita alipita siku moja. Akaangalia kisanduku, akaangalia dirisha, akaangalia kiwiko. Akasema hicho si kifaa cha mamlaka, hakimhusu. Alinunua chupa moja.

Kisha mvua ikanyesha milimani. Bwawa likajaa, mamlaka ikatangaza kwamba mgao umekwisha, na koki zikafunguka mji mzima. Usiku kabla ya tangazo hilo Mizani alikuwa ameshapata habari kwa yule karani. Alimwita Fundi, wakaenda barabarani, na Fundi akaifunga valvu iliyo kando ya mita, akaikaza kwa spana, akalipwa. Kwa hiyo ndani ya nyumba koki ziliendelea kuwa kavu, na Shangazi, ambaye hakuwa anatoka, hakuona tofauti yoyote. Kuhusu jirani, Mizani hakuhitaji maneno mengi. Aliteremsha bei. Maji ya dirishani yakawa nafuu kuliko ya mamlaka, nafuu kabisa, na watu wakafunga koki zao wenyewe majumbani na kurudi na ndoo zao. Aliwaomba jambo moja tu, kwamba wasimsumbue dada yake na habari za mjini. Walimwelewa. Wote walikuwa na watoto wa kusomesha.

Fundi naye alikuja kila asubuhi na madumu yake mawili. Angeweza kuacha, kwake koki zilikuwa zinatoka tangu siku ya kwanza. Lakini asingekuja Shangazi angeuliza, kwa hiyo alikuja, akapanga foleni kama mtu yeyote, akajaziwa, akaenda kuyamwaga kwenye mtaro wa kona ya pili.

Asubuhi moja alikuta koki inadondosha. Tone moja, kisha tone jingine, kwenye shati la Mizani lililokuwa linasubiri pasi. Akaweka madumu chini, akatoa spana, akaikaza kidogo. Kudondosha kukaacha.

"Ahsante, Fundi," Shangazi akasema. Zile nywele zake za kusukwa zilikuwa zimefumuka, hakuna aliyezisuka tena. Akainama dirishani, akashusha sauti ili waliopo nyuma wasisikie, ingawa walisikia. "Huko kwenu mgao bado?"

Fundi akaangalia chini. Mama mmoja akahamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Bado, dada," Fundi akasema.

"Bado kabisa," mama yule wa ndoo akaongeza, kwa huruma. "Tena wanasema utachelewa."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Akapeleka mkono wa kulia kwenye koki yake.

"Basi kinga," akamwambia Fundi, na akaifungua.